Hedhi Ikipotea, Pima Sukari: Mwongozo kwa Wanawake wa Same na Milima ya Upare

Hedhi ikikaa miezi miwili bila kuonekana, na kipimo cha mimba kikasema hakuna, mwanamke hupewa ushauri hata kabla hajauomba. Shangazi atasema ni chango. Jirani ataleta mizizi ya kuchemsha. Simu nayo, ukigusa tangazo moja tu la afya, itakuandama na wauzaji wa dawa za "mvurugiko wa homoni" na "kusafisha kizazi". Katika kelele zote hizo, kipimo kinachosahaulika ni cha sukari.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko Same mjini, Makanya, Hedaru, Kisiwani au Ndungu, au juu kule Suji, Chome, Mbaga na Vunta, ikiwa hedhi yako haina ratiba, ndevu zinachomoza kidevuni, shingo imekuwa nyeusi kama haikuoshwa, mimba haishiki, au uliwahi kuambiwa una sukari ulipokuwa mjamzito. Ni wa mama mwenye binti wa namna hiyo pia. Mambo hayo huonekana ni ya kizazi peke yake, kumbe mara nyingi chanzo chake ni jinsi mwili unavyoitumia sukari. Kukitafuta chanzo hicho kunaanzia kwenye zahanati ya kijiji, si kwenye chupa ya dawa.

## Sukari inaingiaje kwenye habari za hedhi?

Ukila ugali, wali au ndizi, chakula husagwa hadi kikawa sukari, nayo ikaingia kwenye damu. Kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula, hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini huenda kupiga hodi kwenye misuli, ini na mafuta ili sukari ikaribishwe ndani. Mwili ulio sawa huitika hodi ya kwanza. Kwa baadhi ya watu misuli na ini huwa vizito kuitika, basi kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi na zaidi ili sukari ipokelewe. Hali hiyo ndiyo ukinzani wa insulini. Inaweza kudumu miaka huku kipimo cha sukari kikionyesha uko salama, kwa kuwa kongosho bado linamudu. Likishindwa, sukari hupanda, na hapo ndipo huitwa kisukari cha aina ya pili.

Kwa mwanamke kuna la ziada. Misuli imekaidi, lakini ovari hazikukaidi. Bado zinaisikia insulini vizuri, na sasa zinaisikia ikiwa nyingi kupita kiasi. Ikishirikiana na homoni ya LH itokayo kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, insulini hiyo huzisukuma ovari zitengeneze testosteroni nyingi kuliko kiasi kidogo ambacho kila mwanamke anacho. Ini nalo hupunguza protini inayoibeba testosteroni kwenye damu, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki huru kufanya kazi. Ndiyo maana ndevu huota, chunusi hukataa kuisha, na nywele za utosini hupungua.

Ndani ya ovari, mayai yaliyoanza kukua hukwama njiani. Yai lisipotoka, projesteroni haitengenezwi ipasavyo, na bila projesteroni hedhi hukosa mpangilio. Wakati huo wote estrojeni inaendelea kuunenepesha ukuta wa kizazi. Siku ukimwagika, damu hutoka nyingi kwa muda mrefu. Ukiachwa hivyo miaka mingi, hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi huongezeka. Hedhi isiyokuja si pumziko, hata kama inakuokolea pesa za pedi.

Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, ndio walioandika mwaka 1935 kuhusu wanawake wenye hedhi zilizopotea, nywele nyingi mwilini na ovari kubwa zenye vifuko vidogovidogo. Leo hospitalini utasikia ikiitwa PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanaishi nayo, na wengi wao hawajui. Wengi wenye PCOS wana ukinzani wa insulini, wembamba wakiwemo. Na mwanamke anaweza kuwa na ukinzani wa insulini bila kuwa na PCOS.

Utauliza kama haya si mambo ya mjini. Utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989 na timu ya Donald McLarty wa Muhimbili, ulikuta kisukari kwa takriban mtu mmoja tu katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila 100 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikufanana, kwa hiyo usizishindanishe namba hizo kama matokeo ya mpira, lakini mwelekeo unaonekana. Bodaboda sasa inafika mahali ambapo bibi zetu walifika kwa miguu tu, sembe na soda zinapanda nayo, na mwanamke aliyeshuka mlimani kuja kufungua duka kandokando ya barabara kuu anakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi usiku.

## Jikague nyumbani kwanza

Huhitaji kifaa cha dukani. Unahitaji kalenda, kamba na kioo.

1. Hesabu siku zako. Weka alama siku ya kwanza ya damu. Hesabu kuanzia siku hiyo mpaka siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Ukizidi 35 mara kwa mara, ukiwa chini ya 21, au ukipata hedhi chini ya mara nane kwa mwaka, kuna jambo la kuchunguza. Fanya hivi kwa miezi mitatu, ila kama hedhi imeshakaa siku 90 bila kuonekana usisubiri, nenda.
2. Pima kiuno kwa kamba. Simama ukutani, mtu akupime kwa kamba kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje kamba hiyo katikati. Pumua nje kama kawaida, kisha izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na ukinzani wa insulini. Kama fundi cherehani ana futi yake, sentimita 80 na kuendelea kwa mwanamke ni alama ya kuwa makini.
3. Angalia shingo, makwapa na kinena. Ngozi iliyogeuka nyeusi, nene na laini kama kitambaa cha mahameli, hasa nyuma ya shingo, ni ishara ya insulini nyingi. Haitoki kwa dodoki. Mabinti wengi husuguliwa shingo hadi wakachubuka wakidhaniwa ni wachafu, na krimu za kung'arisha huongeza madhara tu.
4. Kumbuka historia. Je, baba, mama au ndugu wa tumbo moja ana kisukari? Ulipata sukari au presha ya mimba? Ulijifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4? Yaandike majibu kwenye karatasi ileile ya kalenda.

> Kabla hujajihukumu
>
> Hedhi inaweza kupotea kwa sababu nyingine kabisa: mimba, kunyonyesha, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, kukonda sana, matatizo ya tezi ya shingo, au kukaribia kukoma hedhi. Ukitokwa na maziwa na hunyonyeshi, mwambie daktari. Huenda homoni ya prolaktini imepanda. Kama unachoma sindano ya miezi mitatu na damu imekata, hiyo ni kazi ya sindano.

## Zahanati kwanza, Moshi baadaye

Si kila kitu kinahitaji nauli ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Anza karibu, halafu panda ngazi kwa sababu.

Ngazi ya kwanza, zahanati au kituo cha afya. Nenda asubuhi bila kula kwa saa nane au zaidi; maji matupu unaruhusiwa. Kama unatembea umbali mrefu, beba kiporo chako kwenye kopo ule ukishapimwa. Piga simu kwanza au mwulize mhudumu wa afya wa kijijini kama vijiti vya kupimia vipo. Kuvikosa baada ya kushuka mlima na njaa kunaudhi.

Wengi hufika mbele ya mhudumu wakasema tu "tumbo linauma chini", wakapewa dawa za maambukizi na kurudi nyumbani. Sema kwa uwazi:

> "Shikamoo dokta. Hedhi yangu imekuja mara nne tu mwaka huu, hizi hapa tarehe. Kipimo cha mimba hakuna. Mama yangu ana kisukari. Sijala tangu jana usiku, naomba nipimwe sukari na presha."

Namba za sukari, kwa milimoli kwa lita, zisome hivi:

- Kabla ya kula, chini ya 5.6: ni nzuri, ila haiondoi ukinzani wa insulini. Kumbuka kongosho linaloendelea kumudu.
- 5.6 hadi 6.9: uko njiani kuelekea kisukari. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu hatari kwenye 6.1, vyama vingine kwenye 5.6; kwa mwanamke mwenye hedhi zilizovurugika mimi ningechukua hiyo ya chini.
- 7.0 na kuendelea: ni kiwango cha kisukari. Kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa.

Ngazi ya pili, hospitali. Hospitali ya Wilaya mjini Same, au hospitali ya Gonja kule Maore kama uko upande wa tambarare ya mashariki. Omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili. Kwa wenye PCOS hicho ndicho hunasa kinachofichwa na kipimo cha asubuhi: 7.8 hadi 11.0 ni onyo, 11.1 na kuendelea ni kisukari. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinasaidia pia, ila kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kinaweza kudanganya. Hapo hospitalini uliza pia kuhusu mafuta ya damu, tezi ya shingo, prolaktini na testosteroni. Kisichopatikana, uliza kama sampuli inaweza kupelekwa hospitali ya Mawenzi au KCMC badala ya wewe kusafiri kilomita zipatazo 100.

Kupima insulini yenyewe si lazima. Majibu yake hubadilika mno kutoka maabara hadi maabara, na matibabu hayategemei namba hiyo.

Utrasaundi inaweza kuonyesha "vivimbe" kwenye ovari. Usishtuke. Kwenye PCOS hivyo ni vifuko vya mayai yaliyosimama kukua, si uvimbe wa kukatwa. PCOS hutajwa pale mambo mawili kati ya haya matatu yanapokuwepo na sababu nyingine zimeondolewa: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kupanda, na ovari zenye vifuko vingi. Kama mawili ya kwanza yako wazi, utrasaundi haihitajiki kulithibitisha jina.

## Sufuria ya makande ina kazi hapa

Ushauri wa lishe huja mara nyingi na vyakula ambavyo hakuna anayeviuza Makanya wala Gonja. Achana navyo. Upareni hakuna wa kufundishwa kupika makande, na makande yakipikwa kwa akili ni miongoni mwa vyakula bora kwa mwili wenye ukinzani wa insulini, kwa sababu maharage na ganda la mahindi husagika polepole, na sukari hupanda taratibu. Ukilinganisha na ugali wa sembe na mchuzi mwepesi, makande yanashinda. Tatizo ni jinsi tunavyoyageuza: mahindi yaliyokobolewa hadi yakawa meupe, maharage ya kuhesabu, mafuta vikombe, na sahani mlima.

Yarekebishe hivi:

1. Geuza uwiano. Vikombe viwili vya maharage, mbaazi, kunde au fiwi kwa kikombe kimoja cha mahindi.
2. Tumia mahindi yenye ganda lake. Yaloweke usiku kucha ili kuni zisikuishie.
3. Karibu na kuepua, weka fungu kubwa la mnavu, mchicha au majani ya maboga. Fungu kubwa, si pambo.
4. Pima mafuta kwa kijiko, au weka karanga zilizotwangwa badala yake.
5. Pakua bakuli moja. Ukishiba nusu, funika; kiporo cha makande hakijawahi kumwudhi mtu.

Siku za ugali, wali wa Ndungu au ndizi, gawa sahani kwa macho: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Wali wa Ndungu ni mtamu na haukatazwi, ila hauwezi kuwa sahani nzima. Unga wa dona ni bora kuliko sembe kwa sharti moja: mahindi yawe makavu na safi. Yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na kuyasaga na ganda hakuyaokoi.

Panapoumiza zaidi ni kwenye chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko tisa vya sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu kiasi kilekile. Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidi takriban vijiko sita kwa siku kwa jumla, vikiwemo vilivyojificha kwenye maandazi. Usikate ghafla. Ondoa nusu kijiko kila wiki, ulimi utafuata. Tangawizi ya Mamba Miamba itakusaidia, kwa maana chai yenye tangawizi kali haidai sukari nyingi. Kwamba tangawizi inatibu PCOS, hilo ni la muuzaji. Asali, miwa na juisi yake navyo ni sukari. Pombe ya dengelua vilevile, tena na kilevi juu yake.

Wasabato, walioanzisha misheni yao Upareni mwaka 1903, wamekuwa wakihimiza maharage na mboga badala ya nyama na pombe kwa muda mrefu. Kwa hili wako mbele, ingawa nimeona meza za harusi za Kisabato zenye soda za kutosha kuharibu mahubiri.

Ukifunga Ramadhani au kwa maombi na unatumia dawa za sukari, ongea na kliniki kabla, kwani dozi na saa za dawa huenda zikabadilishwa.

## Mlima ni dawa, hata ukiushuka

Misuli ndiyo mpokeaji mkubwa wa sukari baada ya chakula. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa haisikilizwi vizuri, na athari hiyo hubaki kwa saa nyingi baada ya kupumzika. Ndiyo maana mazoezi husaidia hata kama mizani haijasogea.

Kuna utafiti unaowahusu sana watu wa milimani. Daktari Heinz Drexel na wenzake wa Vorarlberg, Austria, waliwapa watu kazi ya kupanda mlima kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba kwa kipindi kimoja, kisha kinyume chake kwa kipindi kingine. Kupanda kulipunguza mafuta ya damu. Kushuka kuliboresha uwezo wa mwili kuishughulikia sukari. Kumbe yule mama anayetoka Suji kwenda Makanya kwa miguu siku ya gulio, kisha akarudi na mzigo juu ya boda, hajapoteza kitu. Kama magoti yako hayawezi kupanda, shuka. Vaa viatu vyenye meno, na mvua ikinyesha acha mpaka njia ikauke.

Kwa walio tambarare, lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Gawanya upendavyo. Dakika 10 hadi 15 baada ya chakula cha jioni zina faida kubwa kuliko zinavyoonekana, tena jua la Same limeshapoa. Mara mbili kwa wiki ongeza kazi ya nguvu: kaa na kusimama kwenye kigoda mara 10, rudia mara tatu, au inua madumu ya lita tano. Kulima kunahesabiwa. Ila jembe lina msimu, na miezi ya kusubiri mvua ndiyo mwili hukaa.

Kama uzito umezidi, kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kwa wengi kuona hedhi ikijirekebisha. Kwa mwenye kilo 80 hiyo ni kilo 4 hadi 8. Kama ni mwembamba, usijikondeshe. Wewe fuata chakula na mazoezi, uache mizani.

## Dawa: zipi, na kwa masharti gani

Metfomini. Husaidia mwili kuisikia insulini. Huanzishwa kwa dozi ndogo, pamoja na chakula, kisha huongezwa taratibu kwa sababu tumbo huweza kuharisha wiki za mwanzo. Haifai kwa mwenye figo zilizoharibika sana, na ukiitumia miaka mingi uliza kuhusu vitamini B12. Usichukue ya mama yako mwenye kisukari ukaanza mwenyewe. Na ujue hili: yai linaweza kuanza kutoka kabla hujaona hedhi hata moja. Kama hutaki mimba, tumia kinga tangu siku ya kwanza.

Vidonge vya uzazi wa mpango. Hurudisha ratiba ya hedhi, hulinda ukuta wa kizazi, hupunguza chunusi na nywele. Haviharibu uzazi, licha ya yanayosemwa. Lakini vile vya homoni mbili havimfai mwenye presha, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwangaza machoni, wala mvutaji sigara wa zaidi ya miaka 35. Kwa hao, daktari anaweza kutoa projesteroni peke yake kwa siku chache kila baada ya miezi kadhaa ili ukuta wa kizazi umwagike.

Ukitafuta mtoto, letrozoli ndiyo inayopendekezwa kuanza nayo siku hizi kwa PCOS, mbele ya klomifeni. Zote zinahitaji usimamizi wa daktari. Na mume apimwe mbegu mapema. Ni kipimo rahisi, na kumwita mkeo mgumba kabla wewe hujapimwa ni uonevu.

> Makosa yanayojirudia
>
> - Kumeza P2 ili "kuita hedhi". P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, huvuruga kalenda zaidi.
> - Kununua klomifeni dukani bila kufuatiliwa. Unaweza kupoteza miezi kwa dozi isiyofanya kazi, au kupata mapacha usiowatarajia.
> - Kujisafisha ukeni kwa maji ya dawa ati unasafisha kizazi. Ovari haziko huko, na unakaribisha maambukizi.
> - Kuacha dawa na chakula hedhi ikirudi mara moja.
> - Kumficha daktari mizizi unayokunywa. Mwambie tu. Baadhi yake hugusa ini, figo au sukari.

## Binti, mjamzito, na aliyekoma hedhi

Kwa binti, usiharakishe jina. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo hedhi huruka kwa kawaida. Baada ya hapo, ikipita siku 90 bila damu, au afike miaka 15 bila kuvunja ungo, mpeleke. Utrasaundi ya kutafuta PCOS haisaidii katika miaka minane ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, kwa kuwa ovari za mabinti wengi wazima zina vifuko. Mpime sukari na presha, umsaidie kwenye chakula, na usimtanie kuhusu ndevu mbele ya kaka zake.

Ukishika mimba, mwambie mkunga kwenye hudhurio la kwanza kuwa una PCOS au historia ya sukari. Kwa mjamzito, sukari ya 5.1 kabla ya kula tayari ni tatizo, ingawa kwa mwingine ingeitwa nzuri. Baada ya kujifungua rudi kupima kati ya wiki ya 6 na ya 12. Siku ya chanjo ya mtoto ni nafasi nzuri. Wengi hulisahau hili kwa sababu sukari ya mimba hupotea mtoto akizaliwa. Hatari yake haipotei.

Hedhi ikikoma, mafuta huhamia tumboni na ukinzani wa insulini huongezeka hata kwa aliyekuwa salama. Kamba ile ya kiunoni ianze upya hapo.

## Usisubiri zamu, nenda hospitali leo

- Damu inalowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili au zaidi, au una kizunguzungu.
- Damu yoyote baada ya kukoma hedhi kwa mwaka mzima.
- Kiu kali, mkojo wa mara kwa mara, kukonda na kutapika.
- Sauti imenenepa na nywele zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache. Inaweza kuwa uvimbe unaotoa homoni.
- Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana au macho yenye ukungu.

## Ratiba ya baada ya hapo

Kalenda ya hedhi iendelee. Presha na kiuno, kila miezi sita. Sukari, kila mwaka kama una hatari nyingi, au kila baada ya miaka mitatu angalau kama una PCOS na majibu ya mwanzo yalikuwa mazuri. Ukipanga kushika mimba, pima kabla. Na usikate tamaa baada ya wiki mbili za kujaribu. Chakula na mazoezi huchukua miezi mitatu hadi sita kuonekana kwenye kalenda.

Kama umeona ishara yoyote kwenye zile hatua nne za kujikagua nyumbani, chagua asubuhi moja ya wiki hii, usile, beba karatasi yako ya tarehe, uende zahanati.